Msimhukumu beki wa kushoto kwa ile penalti

Jana magharibi nimerudi nyumbani na daftari limejaa, simu ndo imejaa zaidi, manake hata feri sijavuka watu washaanza kugawana wachezaji kwenye magrupu, huyu abaki, huyu afukuzwe, yule kipa wa pili arudi kwao, yule winga apewe jezi ya kuanza mechi ya kwanza ya ligi. Kwa mechi moja ya kirafiki. Na si mechi nzima, ni kipindi kimoja tu! Nikaona bora nikae niandike nilichokiona kwa macho yangu, wengine nao wapime.

Majina siyaandiki na timu siitaji, wanaojua washajua. Hawa ni vijana, wengine mkataba hawajasaini bado, sitaki jina la mtoto wa mtu lizunguke mjini na tusi limegandishwa juu yake. Ntawaita kwa namba za jezi.

Mechi ilianza saa kumi na robo, watu washatoka kuswali alasiri. Wapinzani ni timu ya daraja la chini kutoka upande wa Kilifi. Kipindi cha kwanza kocha aliwapanga wale wale tunaowajua, bao mbili bila, hapo sina la kuandika. Kipindi cha pili ndo nilichokijia. Walitoka kumi kwa mpigo akabaki beki mmoja tu wa kati, wakaingia wa akiba na wa majaribio, tukamaliza 3-2. Bao letu moja, lao mawili. Ukitizama namba peke yake utasema akiba yetu ni mbovu. Mie nasema hapana, ila yataka maelezo.

Tuanze na kipa, jezi 30, manake yeye ndo aliyetukanwa sana.

Bao la kwanza lilikuwa krosi kutoka upande wa kulia, mpira wa juu. Huu ni mwezi wa upepo wa kusi na mnajua kusi linavyopiga pale uwanjani, karibu na bahari, mpira ukipanda juu ya vichwa hauji pale ulipolengwa, wayumba. Kipa akatoka, akaita, nilimsikia mpaka nilipokaa. Beki wa kati aliyeingia hajawahi kucheza naye hata mechi moja, hakumuamini, akaruka naye, kichwa kikaurudisha mpira katikati, mtu wa Kilifi akausukuma wavuni. Jamaa nyuma yangu akapiga kelele "kipa bomu!" Jamani. Kipa ametoka kwa wakati, ameita kwa wakati, mpira ulikuwa wake. Kilichokosekana ni mazoea ya watu wawili, na mazoea hayaletwi na dakika tano.

Sa tizama niliyoyaandika mbali na yale mabao. Mara mbili alitoka nje ya kumi na nane akakata pasi mpenyezo kabla straika hajaifikia, manake husimama mbele kidogo ya mstari timu ikiwa na mpira, halali usingizi golini. Dakika ya 81 alibaki mtu kwa mtu, hakujitupa mapema, akamsubiri yule fowadi aamue yeye, mpira ukagonga goti lake ukatoka kona. Na mipira ya kuanzisha, mara tatu aliupeleka kwa beki wa kushoto mguuni, si kichwani wala si nyuma yake, mguuni. Kipa wetu wa kwanza, ambaye nampenda sana, kipindi chake chote alipigiwa shuti moja. Moja! Kuwalinganisha kwa mabao waliyofungwa si haki hata kidogo.

Kipa wa akiba ndo mtu mgumu kumpima kuliko wote. Beki wa akiba ataingia mara huyu kaumia, mara yule ana kadi, lakini kipa aweza kukaa msimu mzima asiguse mpira wa ligi. Mtizameni Emiliano Martínez. Aliingia Arsenal 2010 akiwa na miaka 17, kisha miaka kumi yuwaazimwa tu, Oxford, Sheffield Wednesday, Rotherham, Wolves, Getafe, Reading, akirudi yuwakalia benchi. Mwezi wa Juni 2020 Leno, kipa wao wa kwanza, akaumia kule Brighton ndo akashika lango, Agosti akabeba FA Cup mbele ya Chelsea, mwezi uliofuata akauzwa Aston Villa, na 2022 ndo yule aliyenyoosha mguu kumzuia Kolo Muani wa Ufaransa dakika za mwisho za fainali ya Kombe la Dunia. Jamaa huyo huyo. Mimi siamini kwamba alijifunza kudaka Juni 2020, alikuwa yuajua siku zote, mtu wa kumtizama vizuri ndo hakuwepo. Na sisi Mombasa ndo tusingefaa kuwa wepesi wa kumtupa kipa, mji uliomtoa Mahmoud Abbas, yule kipa aliyeitwa Kenya One, wa enzi zile Harambee Stars, timu ya taifa, yabeba Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982, 1983.

Sa tuje kwa penalti.

Hili ndo lililonikosesha usingizi. Beki wa kushoto, jezi 22, kijana mwembamba hivi, aliingia dakika ya 46 na mbele yake upande ule ule akawekwa winga jezi 27. Sasa 27 ndo nyota wa jana, sote tumeona, amefunga bao dakika ya 68, amempiga mtu kanzu, mpira ukapita juu ya kichwa chake, mbele ya jukwaa watu wakasimama, video ishazunguka kila mahali. Simnyimi haki yake, kijana ana mguu na ana moyo, mpira ukimfikia hauogopi. Lakini nilikuwa nimekaa upande ule ule nikaandika na haya mengine. Beki wa kulia wa Kilifi aliyepigwa ile kanzu alikuwa mtoto, ameingia dakika mbili kabla, hata jasho hajatoka, manake kocha wao naye alikuwa akiwajaribu watu wake. Kabla ya hapo 27 alimkabili yule beki wao mkubwa mara nne, akapita mara moja. Alipoingia mtoto alimkabili mara mbili akapita zote mbili, na moja ndo bao. Sa bao hilo latuambia nini kuhusu mechi ya ligi ambapo atakabiliwa na beki wa miaka kumi ya kazi? Latuambia kidogo sana.

Na mara nyingi alipopoteza mpira alisimama. Nimehesabu, ameupoteza mara saba. Mara mbili alirudi, mara tano alisimama na mikono kiunoni akitizama mpira unavyokwenda nyuma yake. Mara ya tano ndo ile ya penalti. Mpira umepotea karibu na laini yao, beki wao akapanda, winga wao tayari yuko mbele, 22 peke yake ana watu wawili. Akienda kwa mwenye mpira winga anabaki huru nyuma yake, akibaki na winga krosi yapigwa raha mustarehe. Akachagua kwenda, wakapigiana pasi moja wakampita, akageuka kumkimbiza yule mtu ndani ya kumi na nane, akamgusa mguu, refa kaonyesha. Goli la pili hilo, 3-2, uwanja mzima wamzomea 22, na dakika tatu baadaye 27 akagusa mpira mara moja tu uwanja huo huo ukamshangilia.

Mnaona lakini? Ni tukio moja lile. Yule aliyeshangiliwa ndo aliyelianzisha na yule aliyezomewa ndo aliyebaki kulizima moto peke yake. Wa kwanza kuliona si mimi, ni binamu yangu, mtoto wa mamangu mdogo, tuliyekuwa tumekaa naye, alisema polepole tu "huyo beki hana kosa", kisha akanyamaza mpaka mechi ikaisha.

Na yeye ana haki ya kusema kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa beki wa kushoto, kushoto mtupu, mguu wa kulia alikuwa akisimamia tu. 2014 akaitwa majaribio na timu moja, siitaji, wiki mbili akafanya mazoezi, alfajiri yuko njiani usiku ndo arudi. Siku ya mechi ya kirafiki hawana beki wa kulia, akatiwa yeye kule. Dakika thelathini na tano. Mbele yake winga naye yuko kwenye majaribio, na mtu wa majaribio hataki kurudi kukaba, yuataka bao limuokoe. Akapitwa mara mbili, krosi, goli. Jumatatu akaambiwa asirudi. Hakuna aliyemuuliza mguu wako ni upi, hakuna aliyemuuliza umewahi kucheza namba mbili, yani beki wa kulia, maishani mwako. Sa hii yuwaendesha tuktuk upande wa Likoni na Jumapili twacheza pamoja, na wallahi sijaona mtaani beki anayekata krosi kama yeye. Sisemi angefika mbali, Mungu ndo ajuae. Nasema hakupimwa. Alitizamwa dakika thelathini na tano akifanya kazi ya mtu mwengine, wakaita hiyo ndo kumpima.

Kwa hivo 22 mimi namtizama hivi: kazi yake mwenyewe ameifanya vipi? Akiwa mtu kwa mtu alipitwa mara moja kati ya tano. Mwili wake huuelekeza ndani, amlazimisha winga aende nje kwenye laini, hivo ndo inavyotakikana. Krosi zake mbili zote zilivuka beki wa kwanza. Ubaya wake, akishapitwa hukimbia nyuma ya mtu badala ya kukimbilia golini kukata njia, na ile penalti kwa sehemu ilitoka hapo, hilo sitalificha. Lakini hilo lafundishika, wiki mbili za mazoezi. Ile ya kusimama na mikono kiunoni sijui yafundishwa vipi.

Mwengine ambaye hakuna mtu hata mmoja aliyemtaja, si kwa wema si kwa ubaya, ni jezi 34, namba sita, yani kiungo wa kukaba. Nilianza kumhesabu dakika ya 46 nikaacha dakika ya 75 kwa sababu mwanga wa jua ulikuwa wanipiga machoni. Amepokea mpira mara kumi na saba, ameupoteza mara mbili. Pasi kumi na moja zimekwenda mbele. Lakini kilichonifanya nimpende ni shingo yake, kila kabla ya kupokea hugeuza kichwa kutizama nyuma ya bega, mara moja, wakati mwengine mara mbili, kwa hivo mpira ukimfikia ashajua nani yuko wapi na hahitaji kugusa mara tatu. Utaona kama hana haraka kumbe ashamaliza kazi. Mara moja walituvunja katikati, akamshika mtu jezi palepale kwenye mstari wa kati, faulo, timu ikarudi kujipanga. Mtu mmoja karibu yangu akasema huyu mchezo wake mchafu. Mie nasema huyo ameokoa bao, na katika timu ya watu kumi waliotiwa pamoja kwa mara ya kwanza alikuwa yeye peke yake aliyekuwa akiongea, akinyoosha mkono, njoo hapa, rudi pale.

Straika jezi 19 amekosa mbili na watu wameshamaliza naye. Ya kwanza alipaswa kufunga, ukweli usemwe. Ya pili alipigiwa nyuma yake kidogo akaigeuza vizuri sana, kipa wao akapangua. Namuombea subira. Sisi Wakenya ndo tusiokuwa na sababu ya kukosa subira kwa straika wa akiba, manake Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyevaa jezi ya Harambee Stars, msimu wa 2018/19 pale Liverpool alianza akiwa nyuma kabisa kwenye foleni, amerudi kutoka mkopo wa Wolfsburg hakuna aliyekuwa na habari naye. Tarehe 7 Mei 2019 Salah na Firmino wote majeruhi, akaanza yeye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, akawafunga Barcelona mawili, 4-0. Juni mosi kaingia toka benchi fainalini, dakika ya 87 kawafunga Tottenham.

14 na 31 wamecheza robo saa, sina la kusema juu yao na nawaomba na nyinyi msiseme.

Kuna jambo jengine ambalo watu wa bara hawalipati kama sisi. Ligi ni timu 18, mechi 34, na sisi wa pwani nusu ya hizo ni za ugenini, na karibu zote ni safari ya kupanda. Mazoezi twafanya usawa wa bahari, mchanga wa ufuo wa Pirates, joto na unyevu, halafu mwishoni mwa wiki wapelekwa Nairobi ambako ni kama mita 1,700 juu, au Kericho kama mita 2,000, na dakika ya 60 kifua chawaka moto. Nairobi yenyewe ni karibu kilomita 480. Bandari, timu ya hapa Mombasa, walipobeba Ngao, lile kombe la mtoano la Kenya, 2019 wakaenda Kombe la Shirikisho la CAF, hata mechi zao za nyumbani ilibidi wakazichezee Kasarani kule Nairobi, yani nyumbani kwao kukawa safari. Kwa timu ya namna hii mchezaji wa akiba si mtu wa kujaza benchi. Na sheria yenyewe ishabadilika, tangu 2022 kuingiza watano ni ruhusa ya kudumu, watano kati ya kumi wa uwanjani, nusu ya timu! Kwa hivo swali langu kwa 27 ni hili, ukiingizwa dakika ya 60 Kericho, tumeongoza moja bila, hewa ni nyepesi, beki wao anapanda, utarudi? Mechi ya kirafiki huku chini haiwezi kunijibu hilo, ila ile mikono kiunoni jana yanitia wasiwasi. Na ndo maana 34 kwangu yuko mbele yake. Mtu anayetizama kabla ya kupokea hukimbia kidogo, na anayekimbia kidogo ndo atakayebaki na pumzi kule juu.

Jengine ni miguu. Hii ni wiki ya tatu ya mazoezi, wiki ya mazoezi mazito, vijana wanakimbizwa mchangani asubuhi na jioni wanarudi tena. Ukiona mtu amechelewa nusu hatua jana si lazima iwe ni uzembe, makocha wenyewe ndo wanavyotaka, miguu ichoke sasa ipone kabla ya ligi. Huwa sitizami kasi mwezi huu. Natizama uamuzi, manake miguu ikichoka ndo uamuzi waonekana wazi, nani yuwajua aende wapi na nani alikuwa akitegemea mbio tu.

Na kwa kocha, kwa heshima zote, yeye ndo ajuae kazi yake na mimi ni mtu wa jukwaani tu, lakini kuwatoa kumi kwa pamoja kwanyima watu nafasi ya kuonekana. Mtie 22 nyuma ya winga wa kikosi cha kwanza tuone. Mtie 34 katikati ya wakubwa, muweke 30 nyuma ya mabeki wawili waliozoeana, wanne watano kwa wakati, si timu nzima mpya. Ukiwaweka wageni kumi pamoja utakachokiona ni ugeni wao.

Mechi ilipoisha watu wakamiminika kwa 27 kupiga picha, ni haki yake, nami nilimpigia makofi. Binamu yangu hakwenda kule. Alishuka mpaka kwenye wavu upande wa pili ambako 22 alikuwa akivua viatu peke yake, wakaongea kama dakika tano, nikamuona kijana anatingisha kichwa, kisha akasimama na soksi zake pale nyasini akajaribu kitu kwa mwili, ule mgeuko, si kumfuata mtu bali kukata kuelekea golini, mara moja, mara mbili, binamu yangu yuwamuonyesha kwa mkono kupitia wavu, hapana, ndani zaidi, ndani zaidi. Njiani tukienda kituoni nikamuuliza mliongea nini, akasema nimemuuliza mguu wake ni upi.

Jumatano kuna mechi nyengine ya kirafiki, saa kumi na robo vile vile. Kipindi cha kwanza ntakaa upande wa kushoto, cha pili ntahamia.